Besi ya Noti Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuwa akizungumza redioni juu ya muziki wa zamani. Alipiga kibao chetu, ule wimbo wa kijiji, kisha akaeleza kwamba bendi yetu ya Tabora ndiyo iliyowafundisha wapiga besi wa baadaye kupiga kidogo. Akasema ulikuwa "mtindo wa kutulia." Nikazima redio. Mke wangu akaniuliza kulikoni, nikamwomba kalamu na karatasi.

Kutulia. Mtu aliyeipiga besi ile sikumwona ametulia hata siku moja katika miaka yote niliyosimama naye jukwaani. Siku alipoipiga kwa mara ya kwanza meno yake yalikuwa yakisagana, na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Tena alichokipiga yule kijana redioni hakikuwa besi yake. Nitafika huko.

Jina lake sitalitaja. Limekwisha kuchapwa mahali lisipostahili, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Sisi tulimwita Besi, na mjini watu walimwita hivyo hivyo, hata fundi cherehani aliyemshonea suruali aliandika "Besi" kwenye kikaratasi cha vipimo. Mimi nilipiga rithimu, gitaa ambalo watu hulikumbuka pale tu linapokosekana. Mchana nilikuwa karani wa mizigo stesheni, yeye alikuwa seremala. Vyombo havikuwa vyetu. Vilikuwa mali ya umma, na kila Jumatatu asubuhi vilihesabiwa na kufungiwa stoo. Kitu pekee kilichokuwa chake ni waya wa kuunganishia gitaa kwenye spika. Aliuviringisha na kuutia mfukoni mwa koti, akatembea nao mjini mfuko umevimba kama ana kitumbua.

Hakupiga kwa vidole. Alipiga kwa kipande cha kitana alichokikata mwenyewe kwa msumeno mdogo, na kwa sababu hiyo sauti yake ilikuwa na ncha. Besi za bendi nyingine wakati huo zilivuma kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Ya kwake iligonga. Ukikaa mbele ulihisi kama mtu anakugusa kifuani kwa kidole, tena na tena, akikutaka umjibu. Mkewe alilalamika kwamba nyumbani hamna kitana kizima, watoto wanachanwa kwa meno matatu.

Alikuwa na neno lake moja: "Nani kakuomba?" Mpiga solo akirembesha mahali pasipohitaji urembo, Besi alimgeukia katikati ya wimbo, "Nani kakuomba?" Mpiga saksafoni akivuta pumzi ndefu ili aonekane, "Nani kakuomba?" Siku ya harusi yangu nilisimama kuwashukuru wageni, nikaanza kueleza tulivyokutana mimi na bibi harusi, na kutoka meza ya nyuma nikasikia sauti yake. Watu walicheka mpaka mama mkwe akajifuta machozi. Mimi nilikaa chini na kwa wiki nzima sikumsemesha. Hakuomba radhi. Alikuja stesheni Ijumaa na kiti alichokitengeneza mwenyewe, cha mninga, akakiweka mbele ya dirisha langu la mizigo, akaniambia kile ninachokalia kitaniua mgongo, akaondoka.

Ndivyo alivyokuwa. Hakupenda kusifiwa, lakini usipomsifu alinuna. Aligombana na dereva wa bendi kwa sababu ya sahani ya wali, na dereva huyo huyo alipolazwa hospitali, Besi alikwenda kila siku baada ya kazi kumnyoa ndevu. Shati lake lilikosa vifungo, suruali yake ilikuwa na mkunjo unaoweza kukata mkate. Alisema kanisani wanaimba polepole kama wanaomba ruhusa, akaacha kwenda, lakini kinanda cha kanisa kilipoharibika yeye ndiye aliyekifungua na kukitengeneza. Alikataa hata chai waliyomwekea.

Na aliuamini Ujamaa. Vijana wanaoandika maelezo nyuma ya majalada ya nyimbo hawalijui hili, na mtu asiyelijua hili hawezi kuisikia besi ile. Kabla ya Uhuru alizunguka kwa baiskeli vijiji vya huku kwetu akihimiza watu wachukue kadi za chama. Kadi yake aliitia kwenye nailoni ili jasho lisiilowanishe. Jumamosi mji ulipokwenda shamba la pamoja, wengi wetu tulifika tumechelewa na jembe la kuazima. Yeye alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Tulipofanya utani juu ya mahindi ya umma yaliyoota manjano alitukatiza.

"Mnacheka nini?"

"Tunacheka tu, kaka," nikasema.

"Mwenzako akila na wewe ukala, hapo kuna kichekesho gani? Au unataka kula peke yako?"

Nilidhani anatuhubiria. Sasa nadhani alikuwa mtu mmoja kati yetu aliyeyachukua maneno yale kama yalivyotamkwa, na ndiyo sababu yalipogeuzwa yeye aliumia kuliko sisi tuliokuwa tunacheka.

Mama yake aliishi ng'ambo ya Usinge, pembezoni mwa msitu, mahali ambapo nyumba na nyumba zilitengwa na mwendo wa robo saa. Alikuwa na mihogo, karanga, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa na marehemu mumewe. Kila msimu alileta asali mjini kwa treni, debe limefungwa kwa majani, na bendi nzima ilijua siku anayofika kwa sababu Besi alinyoa mara mbili.

Ikaja amri ya watu kuhamia vijijini. Mahali pengine watu walihama kwa hiari, mahali pengine kwa kusukumwa. Kule kwao walifika wanamgambo na lori siku ambayo karanga zilikuwa bado ardhini. Wakamwambia mama atoke. Akaomba apewe wiki mbili avune. Wakaezua nyasi za paa mbele yake, wakapakia kitanda, sufuria, kinu na kuku, wakampeleka mahali palipopimwa mistari ya chokaa, wakamwonyesha mstari wake. Hapakuwa na nyumba. Maji yalikuwa mbali kuliko alikotoka. Mizinga ilibaki msituni.

Besi alizipata habari hizi kwa mtu aliyeshuka treni ya Kigoma. Nilikuwepo, tulikuwa dirishani pangu. Hakupiga kelele. Alimuuliza yule mtu mara mbili kama karanga zilikuwa zimevunwa, na mara mbili akajibiwa hapana. Kisha akaenda karakana, akapasua mbao mpaka jioni. Nilipompitia nikakuta zimeharibika zote, hakuna mbili zenye kipimo kimoja.

Wiki tatu baadaye kiongozi wa bendi yetu alituita mazoezini. Alikuwa mwimbaji mwenye sauti nzuri na moyo wa woga, simsemi kwa ubaya zaidi ya huo. Akatuambia kijiji kipya kule Usinge kinazinduliwa, na bendi imetakiwa itunge wimbo wa kukisifu na ukapigwe hapo hapo.

"Siendi," Besi akasema.

"Vyombo ni vya umma," kiongozi akasema. "Na wewe ni wa umma."

"Mama yangu je, ni wa nani?"

Kiongozi akatazama chini. "Kaka, mimi nina watoto watano," akasema. "Nikikataa nitakwenda wapi?"

Nilitegemea Besi atoe waya wake na kuondoka. Badala yake akakaa juu ya boksi la spika, akauliza wimbo unaanzia wapi.

Wimbo ulikuwa mtamu, nakiri. Kiongozi alijua kazi. Sauti zilipanda na kushuka, solo lilijibizana na saksafoni, na mazoezini Besi alizifuata vizuri noti zote alizopangiwa, kama mtumishi. Hakuna aliyeshuku kitu.

Tulikwenda kwa treni mpaka Usinge, kisha kwa lori. Gari la sinema ya vijijini lilikuwa limekuja na jenereta. Jukwaa lilikuwa trela ya trekta. Watu walipangwa kwa mistari, wanaume huku na wanawake kule, na nyuma yao nyumba chache zilizokamilika na nyingi zilizokuwa miti tu iliyosimama. Mama yake alikuwa amekaa juu ya kinu alichokipindua, mstari wa mwisho. Besi alikwenda kwake kabla hatujafunga vyombo, akapiga goti, akamwamkia kwa Kinyamwezi kama mtoto anavyomwamkia mzazi. Mama hakuitikia. Alimtazama tu, kisha akageuza uso upande wa msitu. Nilifikiri mama wa watu amechoka.

Akaja bwana mkubwa wa serikali kwa gari, akahutubia. Yaliyosemwa yalikuwa mazuri na nusu yake Besi mwenyewe aliwahi kuyasema akiwa juu ya baiskeli. Tukaambiwa tupige.

Tuliingia wote pamoja. Mimi nikabadilisha mkao wa vidole kufuata wimbo, na besi haikunifuata. Nikadhani kakosea. Ukaja mzunguko wa pili, besi bado iko pale pale. Alikuwa ameuacha wazi ule waya mnene wa gitaa, bila kuukanyaga kwa kidole hata kimoja, akawa anaugonga kwa kile kitana. Noti moja. Wimbo ukapanda, yeye yuko pale pale. Wimbo ukashuka, yeye yuko pale pale. Kiongozi akamtupia jicho, akamtupia la pili, huku anaimba juu ya maji na zahanati. Besi hakumwona. Alikuwa anatazama mstari wa mwisho.

Nilijaribu kumfunika kwa gitaa langu. Haikuwezekana. Noti ile iliung'ang'ania wimbo wote kama mlango ambao mtu ameuwekea mguu. Maneno yakasikika ya ajabu. Kila kiongozi alipoimba neno zuri, besi ilimjibu kwa sauti ile ile, na baada ya muda ukasikia kama inauliza.

Hapo nikaona watu wanaanza kukanyaga chini, pole pole, wote kwa mpigo mmoja. Hawakucheza kama watu wanavyocheza kwenye sherehe. Walikanyaga. Vumbi likapanda mpaka likamfikia bwana mkubwa kwenye kiti chake, naye akapiga makofi, akatabasamu, wimbo ulipokwisha akataka urudiwe.

Tukaurudia.

Baadaye nilimkuta Besi nyuma ya lori ananawa uso.

"Wameupenda," nikamwambia, mjinga mimi.

"Nimesikia," akasema. "Yule naye kaupenda."

Bwana mkubwa aliupenda kiasi cha kuagiza turekodi, na turekodi vile vile ulivyopigwa kijijini. Kiongozi, aliyekuwa amekwisha kumwandalia Besi karipio, akalimeza. Tukapelekwa Dar es Salaam, tukaingia studio asubuhi, tukasimama kuzunguka maikrofoni mbili. Fundi mitambo akamwambia Besi apunguze. Besi akaligeuza spika lake likatazama ukuta, akasema kapunguza. Hakuwa amepunguza. Ukuta uliirudisha sauti ile ikawa nene zaidi, na fundi alipokuja kugundua muda wetu ulikuwa umekwisha.

Santuri zilipofika Tabora, Bibi mwenye duka la santuri pale mtaa wa soko, mama wa Kiarabu aliyezaliwa papo hapo mjini na aliyejua kuchagua muziki kuliko sisi, aliiweka ya kwanza na sindano ikaruka. Akaweka ya pili, sindano ikaruka. Besi ilikuwa imechimba mfereji mpana mno. Akatoa senti kumi, akaibandika juu ya kichwa cha sindano kwa gundi, wimbo ukapita. Akamtazama Besi aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "hapa ulikuwa unampiga nani?"

Besi akamwambia, "Shikamoo mama," akaenda zake. Katika watu wote waliousikia wimbo ule, nchi nzima, yule bibi ndiye pekee aliyeuliza swali lenye maana.

Kwa sababu nchi nzima iliupenda. Ulipigwa redioni asubuhi na jioni. Na kabla msimu mmoja haujaisha tukaanza kusikia bendi nyingine zikipiga besi ya noti moja. Ya Mwanza ikaipiga katika wimbo wa mapenzi. Ya Dar ikaipiga katika wimbo wa timu ya mpira. Wapiga besi wakaanza kutafuta vitana. Miaka ikapita, wakaja vijana ambao hawakuwahi hata kutusikia sisi, waliwaiga wale waliotuiga, na katika baa ya Kigoma nilimsikia mmoja akiipiga huku anatabasamu na kumkonyeza mhudumu. Nilitoka nje. Namna gani mtu anakonyeza juu ya kitu kile? Lakini nilikuwa nawaonea. Walichukua walichokisikia, na hakuna aliyewaambia kilichokuwa ndani.

Mmoja wa wale wa mwanzo alikuja kumwona, kabla Besi hajahama mjini. Bendi yake ilipita Tabora, akaletwa karakana amevaa miwani ya jua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, sisi tunapiga kama wewe. Tumejifunza kwako."

Besi aliendelea kupiga randa. "Ile noti, ukiipiga unamwona nani?"

Kijana akacheka kidogo. "Simwoni mtu, mzee. Naufuata wimbo."

"Basi tafuta nyingine," akamwambia. "Hiyo ina mwenyewe."

Kisha, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, akamshika yule kijana akakaa naye mchana kutwa akimfundisha jinsi ya kushika kitana ili kifundo cha mkono kisiume. Yule kijana alikuja kuwa mpiga besi mkubwa. Katika mahojiano anasema alijifunza mwenyewe.

Besi aliacha bendi mwaka huo huo wa santuri. Alirudisha gitaa stoo, akasaini, akaondoka na waya wake. Mama yake alifariki kwenye mstari ule wa chokaa kabla nyumba haijapata mlango. Mlango aliutengeneza yeye na uliwasili wakati wa matanga. Akahamia Goweko, kwao mkewe, akalima tumbaku na karanga. Gitaa sikumsikia akilishika tena. Nilimlaumu kwa hilo. Nilimwona kama mtu aliyewasha moto akatuachia sisi moshi. Bendi bila yeye ilikuwa mapambo matupu. Tulipiga miaka minne mingine na sina wimbo hata mmoja wa miaka hiyo ninaotaka mjukuu wangu ausikie.

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Nilikuwa nimestaafu, nimekwenda Dar kwa binti yangu, nikapigiwa simu na kampuni inayotoa upya nyimbo za zamani. Walikuwa wameupata utepe wetu halisi. Walitaka mtu wa bendi aje asikilize kabla hawajautoa kwenye sidii, na wengi wetu walikuwa wamekwisha kufa. Nikaenda nimevaa koti.

Kijana wa mitambo alikuwa na adabu zote. Aliniamkia, akanipa kiti kizuri na soda baridi, akanivalisha vile vya masikioni. Akasema, "Mzee, utepe ni mzuri, ila kuna kasoro moja. Hii besi. Iko noti moja wimbo mzima, tena inafunika wenzake. Nadhani siku ile nyaya nyingine za gitaa zilikatika."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sentensi mbili zingetosha. Nilifungua kinywa, naye akawa anaendelea kueleza kwamba amejaribu kitu, nisikilize kwanza. Akakata sauti zote nzito. Besi ikatoweka. Na pale ilipokuwa, pakatokea gitaa moja safi, jepesi, linalokwenda kama mtu anayejua njia. Sikulitambua. Ilinichukua muda kujua kwamba ni langu.

Sikuwa nimewahi kujisikia kabla ya hapo. Miaka yote ile nilisimama hatua mbili kutoka kwa mtu yule na kila nilichopiga kilimezwa. Nilikuwa na miaka zaidi ya sitini, nimekaa kwenye kiti cha watu nikisikia kwa mara ya kwanza kwamba nilikuwa mpiga gitaa mzuri.

"Halafu hapa chini tumemweka kijana wetu apige besi ya kuufuata wimbo," akasema. "Unaonaje, mzee?"

Besi ya huyo kijana ilikuwa tamu. Ilipanda wimbo ulipopanda na kushuka uliposhuka, kama mtumishi.

"Iko vizuri," nikasema.

Sidii ikatoka. Jalada lina rangi, lina picha yetu, lina majina ya wote, na pale kwenye besi wameandika jina lake, herufi zote sawasawa. Jina lake juu ya vidole vya mtu mwingine. Kosa la herufi ningeweza kulivumilia.

Nilikaa nayo miezi mitatu. Kisha nikapanda treni kwenda Goweko na redio ya betri inayopiga sidii ndani ya kikapu, kwa sababu nilijua nisipompelekea mimi atampelekea mwingine, na kwa sababu sehemu fulani ya moyo wangu, naisema kwa aibu, ilitaka alisikie gitaa langu.

Nilimkuta asubuhi anachambua majani ya tumbaku na mkewe kwenye ukumbi wa nyumba. Alikuwa amekonda. Suruali ilikuwa na mkunjo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umezeeka vibaya," akasema, akaniondolea majani kwenye benchi nikae.

Shemeji alileta uji. Tuliulizana habari za watoto. Nikaitoa redio, nikamwambia wametoa upya wimbo wetu. Alifuta mikono, akaweka kiganja juu ya boksi la redio, nikabonyeza.

Aliusikiliza wote. Uso wake haukubadilika. Ulipokwisha aliacha kiganja pale pale.

"Gitaa lako linasikika," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unapiga vizuri. Sikujua. Nilikuwa nakufunika." Akaniuliza, "Huyu anayepiga besi ni nani?"

"Kijana wao."

"Walikuuliza?"

Ningeweza kudanganya. Safari nzima kwenye treni nilikuwa nimelipanga neno la kudanganya. "Walinionyesha kabla," nikasema. "Nikawaambia iko vizuri."

Shemeji aliacha kuchambua. Nilimngoja Besi anitukane, nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeibeba hasira ya kuwapa wale wa kampuni, hasira ya kumpa yule mkonyezaji wa Kigoma, hasira kwa bwana mkubwa na vumbi lake, na yote ilikuwa imenirudia mimi mwenyewe, nikawa sina pa kuiweka.

"Lete karatasi," akamwambia mkewe.

Shemeji akaleta daftari la mjukuu na kalamu. Besi akasema niwaandikie kampuni, kwa maneno yangu, yeye hatanitajia neno. Niliandika nimeegemeza daftari gotini. Akasema nisome kwa sauti. Wanaume wawili waliokuwa wakifunga tumbaku kwenye banda la jirani wakanyamaza.

Nikasoma: "Mimi ndiye yule mpiga rithimu mliyemwita. Besi mliyoikata haikuwa na kasoro. Hakuna waya uliokatika. Mpigaji aliipiga hivyo kwa makusudi, mbele ya mama yake aliyeezuliwa nyumba karanga zikiwa shambani, kwa sababu ya hasira aliyokuwa nayo juu ya waliomfanyia hivyo. Niliyajua haya na sikuwaambia, kwa sababu nilifurahi kusikia gitaa langu. Irudisheni, au ondoeni jina lake."

"Umekosea mahali," akasema.

"Wapi?"

"Hasira juu ya waliomfanyia hivyo." Alitazama majani mikononi mwake. "Wale walikuwa na lori tu. Mwezi mmoja kabla yao nilikwenda mimi. Mama alikuwa amekataa kuandikisha jina la kuhama, yeye na wenzake wote wa kule, walikuwa wamekubaliana. Nikakaa naye siku mbili. Nikamwambia kutakuwa na maji, kutakuwa na zahanati, hakuna atakayeguswa kabla ya mavuno, nimeulizia mwenyewe. Akaandikisha. Wenzake walipoona yeye kaandikisha, na wao wakaandikisha. Ule mstari wote wa nyuma siku ile, wote walinijua."

Shemeji alikuwa amekwisha kurudi kwenye majani yake. Yeye alilijua hili siku zote.

"Ulikuwa unajipiga mwenyewe," nikasema.

"Na wao wenye lori. Na wewe pia, ulivyokuwa unajaribu kunifunika." Akaisukuma kalamu kwangu. "Andika na hilo."

"Hili haliwahusu wale wa kampuni, kaka."

"Andika."

Nikaandika, neno kwa neno alivyolisema. Akataka nisome tena barua yote tangu mwanzo, nikasoma, na wale wanaume wa bandani wakasikia yote. Nilipomaliza nikatia sahihi. Akanyoosha mkono, akalichukua daftari, akaisoma mwenyewe polepole, kisha akatia sahihi yake chini ya yangu.